Kisumu hadi Mwanza kwa gari lako: mwongozo kamili wa sheria na desturi za barabara za nchi mbili

Mwanza si mbali na Kisumu. Ziwa ni lile lile, samaki ni wale wale, na koo za Wajaluo na Wakuria zina watu pande zote mbili za mpaka. Kuna harusi, kuna matanga, kuna biashara. Wengi hupanda basi, lakini siku hizi wapo pia wanaowasha gari lao na kwenda, na kabla ya kuondoka huuliza swali moja: sheria za kule zikoje?

Zilizoandikwa zinafanana sana. Nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto, usukani ukiwa kulia. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, na Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 ni ndugu wa mzazi mmoja, yaani utawala wa Kiingereza. Mwendo wa mwisho ndani ya miji na vijiji ni kilomita 50 kwa saa huku na kule. Kwenye raundabauti unampisha aliye kulia kwako huku na kule.

Tofauti iko kwenye usimamizi: sheria ipi inafuatiliwa kwa dhati, mahali gani, na dereva mwenzako anatarajia ufanye nini. Mkenya anayejiona dereva mzuri anaweza kulipa faini tatu kabla ya kufika Bunda kwa mambo ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kumsimamishia. Na dereva wa Mwanza anayesimama kwenye zebra kama alivyozoea anaweza kugongwa nyuma na matatu pale Ahero. Nimeandika mwongozo huu nikiwa na wote wawili akilini, ingawa nitaanza na anayetoka Kisumu.

Karatasi, wiki mbili kabla

Anza na wewe mwenyewe. Kitambulisho cha taifa kinamvusha Mkenya kwenda Uganda na Rwanda, lakini Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Inataka pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka Kenya. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo usiiache hadi siku ya mwisho. Ukishachanjwa, tangu mwaka 2016 cheti hicho kinahesabika kuwa cha maisha.

Kisha gari. Beba logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Kama gari limesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kama ni mume wako au mama yako, beba barua ya mwenye gari inayokuruhusu kulivusha mpaka, iliyogongwa muhuri na wakili, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kama bado unalilipia mkopo na logbuku iko benki, barua iandikwe na benki. Hapa ndipo safari nyingi huvunjikia, kwa sababu mtu hufikiri leseni yake na ufunguo vinatosha. Afisa wa forodha hana njia ya kujua kwamba gari la shemeji yako hukuliiba.

Bima ni jambo la tatu. Bima ya Kenya pekee haikukingi ukiwa ng'ambo. Nenda kwa kampuni yako ya bima hapa hapa Kisumu, Nakuru au Kisii, uombe kadi ya njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huu wa bima, kwa hiyo kadi inakubalika. Elewa inachokinga: madai ya watu wengine uliowaumiza au uliowaharibia mali, na matibabu ya dharura ya waliomo garini mwako. Gari lako lenyewe likibonyea, kadi hiyo haikusaidii. Uliza kampuni yako kama bima kubwa uliyonayo inaweza kupanuliwa kuvuka mpaka, na upewe jibu kwa maandishi.

Utakuwa sasa na kadi mbili za manjano, ya chanjo na ya bima. Ziweke kwenye mifuko tofauti, maana foleni ya mpakani si mahali pa kuanza kupekua.

Leseni ya Kenya inatumika Tanzania bila kubadilishwa, mradi haijaisha muda na daraja lake linalingana na gari unaloendesha. Beba yenyewe halisi. Ndani ya gari kuwe na pembetatu mbili za kuakisi mwanga, kizimamoto ambacho tarehe yake haijapita, kisanduku cha huduma ya kwanza, jeki na tairi la akiba lenye upepo. Kizimamoto na pembetatu nasisitiza, kwa sababu trafiki wa Tanzania huomba kuviona mara nyingi kuliko wa Kenya, na hugeuza kile kizimamoto asome lebo.

Taa zote ziwake, pamoja na ya breki na ya namba. Kioo cha mbele kisiwe na ufa. Nyumbani tumezoea kuishi na taa moja ya breki iliyokufa. Kule inahesabiwa kama kosa, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kisumu hadi Isebania: lugha ya indiketa

Njia ni Ahero, Katito, Sondu, Oyugis, Kisii, Suneka, Rongo, Awendo, Migori, halafu Isebania. Ni kilomita zipatazo 200, lakini usizihesabu kwa mwendo wa barabara tambarare. Ukitoka Sondu unaanza kupanda, na kutoka Oyugis hadi ng'ambo ya Kisii ni vilima na kona, masoko yaliyomwagika hadi ukingoni mwa lami, na bodaboda wanaotokea pande zote.

Sheria ya Kenya inaruhusu gari dogo hadi kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya kawaida ya njia mbili. Matatu, mabasi na malori ni 80. Vidhibiti mwendo vya matatu vililetwa na kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, pamoja na mikanda na mstari wa njano ubavuni. Utaona mwenyewe kwamba si kila matatu inayokupita pale Rongo inakumbuka hiyo 80.

Sasa desturi. Chukulia unafuata lori la mizigo linalopanda taratibu kuelekea Oyugis, na huoni mbele. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kulia, na hakuna barabara ya kuingia kulia, anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anakuambia njia iko wazi. Ukishapita, mshukuru kwa honi fupi au hazadi (indiketa zote kwa pamoja) mara mbili. Usiku, gari linalokujia likiwasha indiketa ya kulia kwa muda mfupi linakuonyesha upana wake, hasa lori lenye mzigo uliotokeza. Madereva wa malori wa Tanzania huzungumza lugha hii hii.

Ina hatari yake. Indiketa ya kulia ndiyo hiyo hiyo ya mtu anayetaka kukata kulia kweli, na ya kushoto ni ya anayetaka kusimama pembeni. Sheria haiijui lugha ya malori. Ukipita kwa kuamini taa yake ukagongana na mtu, kosa ni lako. Kwa hiyo usitazame taa peke yake. Tazama kama lori limesogea kuelekea katikati ya barabara, kama taa za breki zinawaka, kama mbele upande wa kulia kuna njia ya vumbi au kituo cha mafuta. Na hata ukiitwa na indiketa ya kushoto, usitoke mpaka macho yako mwenyewe yameona lami ya kutosha. Dereva wa lori amekaa juu, anaona mbali kuliko wewe, lakini hajui gari lako lina nguvu kiasi gani.

Taa za mbele zikimweka mchana kutoka gari linalokuja, maana yake kuna jambo mbele: polisi, ajali, au ng'ombe barabarani. Punguza mwendo kwanza, sababu utaijua ukifika.

Rongo na Awendo ni nchi ya miwa. Trekta zinavuta matrela yaliyojaa kupita kiasi, mabua yakining'inia nyuma na kuficha taa, kama taa zipo. Mchana zinakuchelewesha. Usiku unaliona trela ukiwa umelifikia. Sipendi kabisa mtu apite Awendo gizani, na kama safari yako haiwezi kupangwa vinginevyo, lala Kisii au Migori uondoke kumekucha.

Matuta ya Kenya hayana rangi mara nyingi. Ukiona gari la mbele linawasha breki bila sababu unayoiona, sababu iko chini. Na kwenye vizuizi vya polisi utakuta misumari imelazwa barabarani kwa kupishana: ingia taratibu, shusha kioo, na usiondoke mpaka umeonyeshwa mkono.

Mpakani

Isebania na Sirari ni kituo kimoja cha mpakani. Ukienda Tanzania unapita upande wa Isebania bila kusimama na taratibu zote mbili, za kutoka Kenya na za kuingia Tanzania, unazifanya ndani ya jengo la Sirari. Ukirudi ni kinyume chake, kila kitu kiko Isebania.

Fuata mpangilio huu: afya (cheti cha chanjo), uhamiaji wa Kenya, uhamiaji wa Tanzania, kisha forodha. Kwenye forodha waandikishe gari linatoka Kenya kwa muda, halafu chukua kwa Mamlaka ya Mapato ya Tanzania, TRA, kibali cha muda cha gari la kigeni. Soma kibali kabla ya kuondoka dirishani: namba ya gari, namba ya chesisi, na tarehe ya mwisho. Herufi moja ikikosewa hapo, utaieleza kwenye kila kizuizi hadi Mwanza.

Vijana watakuzunguka wakitaka kukusaidia. Wakala halali wa forodha yupo na ana ofisi. Ukimtumia, patana bei kabla na udai stakabadhi. Pasipoti yako usimpe mtu anayetembea nayo.

Ukiwa bado Sirari, sajili laini ya simu ya Tanzania kwa pasipoti na uiwekee pesa. Itakuja kukufaa, nitaeleza kwa nini.

Hamsini

Ukitoka Sirari, Tarime iko mbele kidogo, na hapa ndipo unapaswa kuendesha kwa namna nyingine kabisa.

Kila kijiji kina kibao cha duara chenye mzingo mwekundu na namba 50. Mbele yake kuna kibao kingine, cheupe chenye mistari myeusi ya mshazari, kinachoashiria kwamba kikomo kimekwisha. Kati ya vibao hivyo viwili unakwenda 50. Haijalishi nyumba ziko mbali na barabara. Haijalishi barabara imenyooka na hakuna mtu. Mara nyingi kijiji kinaonekana kimekwisha, maduka umeyaacha nyuma, mbele ni mashamba matupu, na kibao cha kumaliza bado hakijafika. Trafiki wa tochi anasimama mahali hapo, kwa sababu anajua mguu wako umeanza kukanyaga.

Tochi ndilo jina la kifaa cha kupimia mwendo. Mwenye tochi huenda usimwone. Anapiga picha ya gari lako ikiwa na namba na mwendo, anaituma kwa mwenzake aliye mbele, na huyo mwenzake mwenye sare nyeupe ndiye anayekunyooshea mkono. Ukibisha, unaonyeshwa picha kwenye simu. Namba ya Kenya inaonekana tangu mbali.

Uzito wa faini nao unatofautiana. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinapanda ngazi: ukizidi kwa kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Tanzania haina ngazi hizo kwenye faini ya papo kwa papo. Kwa miaka mingi kosa moja la gari limekuwa shilingi 30,000 za Tanzania, takriban 1,500 za Kenya, uwe umezidi kidogo au sana. Ukizidisha mwendo mno unaweza kupelekwa mahakamani. Na zinahesabiwa kosa kwa kosa: mwendo, mkanda na kizimamoto kilichoisha ni faini tatu.

Namna ya kuendesha, basi. Ondoa mguu kwenye mafuta mita 200 kabla ya kibao, ili unapokipita uwe tayari kwenye 50. Ukipita kibao kwa 75 huku ukifunga breki, umeshapigwa picha. Ndani ya kijiji tazama mshale wa mwendo mara kwa mara, kwa sababu baada ya kwenda 90 kwa muda mrefu masikio yanakudanganya na 65 inahisi kama kutambaa. Usiharakishe kwa sababu basi limekuganda nyuma. Nalo likitoka na kukupita ndani ya 50, liache liende. Usimeze mate kwa kibao cha kumaliza ukiwa bado hujakifikia. Na kama huna uhakika kama kimepita, endelea na 50 mpaka uone magari ya wenyeji yameongeza.

Mkenya wa kwanza kuendesha hivi hulalamika kwamba anapoteza muda. Ndiyo, muda unapotea. Lakini tazama kilicho kando ya barabara kati ya Tarime na Magu: watoto wa shule wakitembea kwa makundi, kina mama na ndoo kichwani, baiskeli zenye mzigo wa mkaa. Mtu akigongwa na gari lililo kwenye 50 ana nafasi ya kuishi ambayo kwenye 90 hana. Natamani sana Katito na Suneka nazo zingelindwa hivi, kibao kwa kibao.

Nje ya vijiji, mabasi na malori yasizidi 80, na gari dogo lifuate vibao. Ukishavuka Daraja la Kirumi juu ya Mto Mara barabara inafunguka, na baada ya Makutano na Bunda inapita karibu na mpaka wa hifadhi ya Serengeti, pale lango la Ndabaka karibu na Lamadi. Hapo wanyama na ng'ombe wa wafugaji huvuka. Ng'ombe mmoja akishavuka, subiri wa pili. Hatembei peke yake.

Zebra

Kama ungekumbuka mambo mawili tu kutoka kwenye mwongozo huu, la pili liwe hili.

Sheria ya Kenya inamtaka dereva ampishe mtembea kwa miguu kwenye zebra. Sote tunajua kinachotendeka: mtu anasimama ukingoni akisubiri magari yaishe. Tanzania, hasa barabara kuu na ndani ya Mwanza, mtu akisimama kwenye zebra unasimama. Ukipita huku ameshaweka mguu barabarani, trafiki aliye chini ya mti ng'ambo atakuita.

Kwa kawaida utaonywa na matuta madogo madogo yanayotetemesha gari, halafu tuta kubwa lenye zebra juu yake, halafu madogo tena. Ukisikia mtetemo wa kwanza, tayari tazama pande zote mbili za barabara. Gari la mbele yako likisimama, usilipite kamwe. Limesimama kwa sababu kuna mtu usiyemwona. Kulipita gari lililosimama kwenye zebra ni kosa baya kuliko mwendo, na ndilo linaloua watoto.

Vivyo hivyo mstari usiokatika katikati ya barabara. Nyumbani wengi wanauona kama rangi. Kule kuovateki juu ya mstari huo kunafuatiliwa, na trafiki hupenda kusimama juu ya kilima anapoona mstari wote.

Ukisimamishwa

Washa indiketa ya kushoto, toka kabisa barabarani, zima injini, shusha kioo, mikono iwe mahali inapoonekana. Halafu salimia.

Hili Wakenya wengi huliruka. Tumezoea polisi anayesema "Leta leseni" na dereva anayejibu "Kwani nimefanya nini?" Kule mazungumzo huanza hivi:

"Habari za safari?"

"Nzuri, afande. Za kazi?"

"Salama. Naomba leseni yako."

Akiwa mtu mzima kukuzidi sana, shikamoo haikupunguzii chochote. Mwambie ukweli unatoka wapi na unaenda wapi. Kiswahili chetu cha Kisumu kinasikika kikali kwenye sikio la Mtanzania hata tunapokuwa hatuna hasira. "Naomba" na "samahani" zinalainisha. Hii haifuti kosa, lakini mara nyingi ndiyo inayoamua kama utapewa onyo au faini kwa jambo dogo.

Kama una kosa na unakubali, faini hailipwi mkononi. Afisa anaingiza kosa kwenye kifaa, unapewa namba ya malipo ya serikali, ile Watanzania huita kontroo namba, na unalipa kwa simu, kwa wakala au benki. Ndiyo maana nilisema usajili laini Sirari. Lipa siku hiyo hiyo na utunze ujumbe wa malipo, kwa sababu deni hubaki kwenye namba ya gari na trafiki anayefuata analiona. Mtu akitaka noti mkononi bila namba hiyo, sema kwa upole: "Afande, naomba kontroo namba nilipe." Rudia hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, na kaa tayari kusubiri. Usiwe wewe wa kutoa kwanza. Utakuwa umetenda jinai ugenini, na mwenzako wa Kenya atakayepita kesho ataombwa zaidi.

Upande wa Kenya nako dai taarifa ya kosa iliyoandikwa. Una haki ya kukubali na kulipa, au kukana na kwenda mahakamani.

Mengine kwa ufupi

Pombe: kikomo cha kawaida ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu kwa nchi zote mbili, ambayo kwa kipimo cha pumzi cha Kenya ni mikrogramu 35 kwa mililita 100. Mimi nasema usinywe kabisa siku ya kuendesha. Simu mkononi ni kosa kote. Kenya ni shilingi 2,000. Mikanda ifungwe na wote, wa nyuma pia. Kama gari lako lina uzito unaozidi kilo 3,500, mizani inakuhusu.

Mafuta: bei ya Kenya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika tarehe 15, ya Tanzania Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukisafiri karibu na tarehe hizo, piga hesabu ujaze wapi.

Ukiwa na nia ya kuendelea kutoka Mwanza kwenda Kigali, kumbuka Rwanda huendesha upande wa kulia. Hapo hata kuovateki kunageuka, kwa sababu usukani wako uko upande usioona mbele. Usiende huko bila mtu mzima wa kukuangalizia kiti cha kushoto.

Ajali ikitokea

Simamisha gari, washa hazadi, weka pembetatu, tazama walioumia. Tanzania piga 112, na zimamoto ni 114. Kenya ni 999 au 112. Usisogeze magari kabla trafiki hajapima, isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini. Kama umati una hasira na unahofia maisha yako, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajiripoti.

Tanzania, majeruhi wa ajali hupewa na polisi fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali, kwa hiyo mtu mmoja aende kituoni wakati wengine wanampeleka majeruhi. Kenya utahitaji abstrakti ya polisi, yaani taarifa fupi ya ajali, kwa ajili ya bima, na fomu ya P3 kwa aliyeumia. Piga picha kadi ya njano, bima ya mwenzako, namba za magari, na alama za tairi barabarani. Ipigie simu kampuni yako ya bima siku hiyo hiyo. Usisaini maandishi yoyote ya kukubali kosa ukiwa bado unatetemeka.

Kwa anayetoka Mwanza kuja Kisumu

Wewe, ndugu yangu, shida yako haitakuwa tochi. Itakuwa madereva wenzako.

Ukitaka kusimama kwenye zebra, simama, lakini anza mapema. Gusa breki kidogo kidogo ili taa ziwake, washa hazadi, tazama kioo cha nyuma. Matatu iliyo nyuma yako haikutarajii usimame. Na mtembea kwa miguu naye anaweza kushangaa asivuke. Mpungie mkono, ukihakikisha hakuna bodaboda anayekupita kushoto.

Matatu husimama ghafla na popote mtu aliponyoosha mkono, na hutoka bila indiketa. Acha nafasi ya gari moja zaidi ya ulivyozoea. Mwingine atajaza nafasi hiyo. Mwache, uache nyingine.

Ndani ya Kisumu, chini ya flaiova ya Kondele, sheria ya kumpisha aliye kulia ipo, ila anayesita hapiti. Sogea polepole, mtazame dereva mwenzako machoni, na akikupisha nenda bila kugeuza nia katikati. Tuktuk, ambazo wewe huziita bajaji, zinageuka mahali ambapo gari haligeuki, na bodaboda hupita pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kabla ya kukata kona tazama bega la kushoto kwa macho, kioo hakitoshi. Hazadi zikiwaka kwenye gari linalotembea wakati wa mvua, halijaharibika. Ni mazoea tu, na ni mabaya, kwa sababu yanaficha indiketa.

Vibao vya 50 vya Kenya ni vichache, lakini kikomo kipo hata pasipo kibao. Endelea na 50 yako vijijini. Utapigiwa honi. Vumilia.

Siku ya kurudi

Angalia tarehe ya kibali cha gari angalau siku mbili kabla, na kama haitoshi nenda ofisi ya TRA ya Mwanza au Musoma kuomba nyongeza kabla hakijaisha. Kibali kilichopitwa na wakati mpakani kina adhabu. Lipa deni lolote la faini lililobaki kwenye namba ya gari. Ondoka Mwanza asubuhi mapema ili Awendo na Rongo ziwe nyuma yako kabla ya giza.

Ukifika mpakani usisimame Sirari. Nenda hadi Isebania, ambako maafisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja. Anza na TRA wafunge kibali, uone mwenyewe wakikigonga muhuri au kukifunga kwenye mfumo, kisha uhamiaji wa Tanzania, uhamiaji wa Kenya, na forodha ya Kenya waandike kwamba gari limerudi. Watu wengi hugongewa pasipoti wakaenda zao, na gari likabaki kwenye kumbukumbu kama lingali Tanzania. Mwaka unaofuata wanapotaka kuvuka tena, wanazuiwa. Chukua nakala ya kibali kilichofungwa, ipige picha, na uiweke pamoja na logbuku.